Mume wangu pumzi inakatika usingizini na pua ina aleji, nianze na aleji au mashine kwanza?

mama_ilham
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Naomba mawazo yenu maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake na mimi nimebaki katikati sijui nishike lipi.

Mume wangu ni dereva wa semi, anapiga Dar–Tunduma, ana miaka 46, mwili umejaa na shingo nene. Kukoroma alianza zamani hilo tulishazoea, ila sasa kuna kingine, anakoroma anakoroma alafu ghafla kimyaaa, kifua kinahangaika kupanda na kushuka lakini hewa haiingii wala haitoki, mi nakaa namwangalia roho juu, mpaka anashtuka kwa nguvu kama mtu aliyetolewa majini, anageuka analala tena. Asubuhi hakumbuki kitu. Kichwa kinamuuma kila akiamka, usiku anaamka kukojoa mpaka tukadhani ni sukari, tumepima sukari iko sawa. Presha anameza dawa aina tatu na bado haishuki vizuri. Mama mkwe anasema ni jinamizi linamkaba, jirani anasema akakatwe kimeo.

Kilichonifanya niandike hapa ni utingo wake, alinipigia simu pembeni akaniambia mama, mzee anasinzia kwenye usukani, walikuwa maeneo ya Mikumi na yeye ndiye aliyemgusa bega. Tangu siku hiyo akiwa safari silali.

Tulienda kwa daktari wa masikio, pua na koo, akapewa kifaa cha kulala nacho nyumbani, kile cha kidoleni na mkanda wa kifuani na kamrija puani. Majibu yakasema pumzi inakatika au kupungua mara 41 kwa saa na oksijeni inashuka mpaka asilimia 72. Daktari akasema ni apnea ya usingizi ile kali, inabidi atumie mashine ya CPAP, ile inayosukuma hewa kupitia barakoa usiku ili koo lisizibe. Akaona pia pua zimevimba kwa ndani kwa sababu ya aleji, na kweli yeye na vumbi hawapatani kabisa, asubuhi anapiga chafya mpaka anachoka, na akiwa hivyo humeza Piriton.

Sasa shemeji yangu kanitumia habari kwamba kuna utafiti mkubwa umeonyesha hiyo mashine haizuii kiharusi wala mshtuko wa moyo, ni biashara ya watu. Na kijana wa duka la dawa anasema tutibu aleji kwanza, pua ikifunguka kukoroma kutaisha na mashine haitahitajika. Bei ya mashine imetutoa jasho kwaiyo ukiambiwa ipo njia ya rahisi unatamani kuamini. Mwenye uelewa au aliyepitia naomba aniambie ukweli.

nesi_wa_zamu
Pole sana dada yangu. Nitasema machache ya haraka, wenye kusoma tafiti watakuja.

La kwanza kabisa, asiendeshe. Najua ndo ugali wa nyumba lakini mtu aliyeshasinzia kwenye semi, na kipimo kinasema 41 kwa saa, huyo haendeshi mpaka aanze matibabu na usingizi wa mchana uishe. Hapo sio yeye tu, kuna mabasi yanakuja upande wa pili yamejaa watu.

La pili ni Piriton. Ni dawa ya zamani ya aleji, inaleta usingizi na ule usingizi unabaki kichwani hadi kesho yake asubuhi hata kama mtu anajiona yuko sawa. Dereva hatakiwi kabisa kuigusa, na mwenye apnea ndo zaidi. Muulizeni daktari awabadilishie, zipo setirizini na loratadini ambazo hazilazi hivyo (setirizini kuna watu inawalaza kidogo, loratadini mara nyingi afadhali). Na pombe jioni asiguse, inalegeza koo zaidi. Vilevile vidonge vya usingizi, na zile dawa za maumivu makali kama tramadoli ambazo madereva wengi wanazibeba, zote zinamzidishia.

La tatu kimeo. Dada naomba usikubali. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia tu, kinachoziba njia kwa mtu mzima kama mumeo ni ulimi kurudi nyuma, kaakaa laini na kuta za koo kulegea akishalala, sasa ukikata kimeo umeondoa nini? Nimepokea wodini watoto waliokatwa kienyeji wanavuja damu, wengine koo limeoza kwa maambukizi, na pepopunda ni hatari inayojulikana. Upasuaji wa koo wa hospitali ni kitu kingine kabisa, unafanywa na bingwa, mtu akiwa kwenye nusu kaputi, na sio kila mgonjwa unamfaa.

Na mama mkwe mwambieni kwa heshima zake zote, jinamizi mtu anajua limemjia, anaamka akili iko macho ila mwili haunyanyuki. Huyu hajui hata kama pumzi imekatika, wewe ndo unayeona.

mama_ilham
Asante dada nesi. Piriton nimeshaitoa kwenye begi lake la safari. Ila mbona kukojoa usiku na presha daktari alisema vyote vinatoka hapohapo kwenye koo? Sikuelewa na foleni ilikuwa ndefu nikaona aibu kuuliza tena.

chambua_tafiti
Dadangu mama Ilham, mimi ni mtu wa Mombasa, kazi yangu ni kuratibu tafiti za kitabibu, si daktari wako kwaiyo haya mpelekee daktari wako mkayazungumze. Nitaandika ndefu, nivumilie, kwa sababu huo utafiti shemeji yako aliokutumia naufahamu vizuri na inaniuma sana unavyosambazwa nusunusu.

Kwanza swali lako la kukojoa. Koo likiziba, kifua kinavuta hewa kwa nguvu na hewa haipiti, ule mvuto unatanua vyumba vya moyo, moyo ukitanuka hivyo unatoa homoni inayoiambia figo toa maji. Figo zinatii. Ndo maana anaamka kukojoa na sukari haina kitu. Na kila oksijeni ikishuka ubongo unapiga kengele, mwili unamwaga adrenalini ili aamke avute pumzi, mapigo yanapanda, mishipa inabana, presha inaruka. Mara 41 kwa saa, usiku kucha, miaka. Kawaida presha ya mtu inatakiwa ishuke akilala, yake haipati nafasi ya kushuka, kwaiyo dawa tatu zinapigana na kitu kinachoanzishwa upya kila usiku. Wenye presha sugu ya namna hiyo wengi wao wakipimwa wanakutwa na apnea. Kuna watafiti wa Hispania walichukua wagonjwa 194 wa presha sugu wenye apnea, wote wanakunywa dawa tatu au zaidi, wakawapa nusu yao CPAP kwa wiki 12, ikatoka kwenye jarida la JAMA mwaka 2013. Presha ya saa 24 ilishuka kwa wastani wa kama 3 kuliko wasiopewa. Utasema 3 ni kidogo, na kweli ni kidogo, hatatupa vidonge vyake, lakini ni 3 juu ya dawa zilizokuwa zimegota, na waliovaa mashine masaa mengi walishuka zaidi.

Sasa huo utafiti wa shemeji. Unaitwa SAVE, ulitoka 2016. Watu 2,717 wa miaka 45 hadi 75, wote walikuwa tayari na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo na apnea ya kati hadi kali, wakagawanywa kwa kura, nusu matibabu ya kawaida tu, nusu matibabu ya kawaida na CPAP juu yake, wakafuatiliwa wastani wa miaka 3.7. Ni kweli kabisa, viharusi na mishtuko ya moyo haikupungua. Asikudanganye mtu kwamba matokeo yalichezewa, hapana, ni utafiti mzuri na umefanywa kwa uaminifu.

Lakini soma nani aliruhusiwa kuingia. Waliokuwa na usingizi mzito mno wa mchana hawakuchukuliwa. Walio hatarini kupata ajali kwa kusinzia hawakuchukuliwa. Wenye oksijeni inayoshuka vibaya sana hawakuchukuliwa. Sababu ni ya utu, huwezi kumwambia dereva anayesinzia akae miaka mitatu bila tiba kwa sababu kura imemwangukia vibaya. Kwaiyo mumeo asingepita mlangoni, na utafiti ambao usingempokea hauwezi kutumika kumwambia asinunue mashine.

Alafu angalia masaa. Wale waliopewa mashine waliivaa wastani wa masaa 3.3 kwa usiku. Yaani mtu analala masaa saba, nusu ya usiku au zaidi koo lake linafungwa kama zamani, tena sehemu ya alfajiri ambayo apnea huwa mbaya zaidi kwa wengi. Mwaka 2023 walikusanya data za majaribio matatu ya aina hii pamoja, watu 4,186, ukichukua wote kwa jumla hakuna faida kwa moyo, ukichukua waliovaa masaa manne na zaidi hatari ilikuwa chini kwa karibu asilimia 30. Hapa nami niseme wazi, mtu anayevaa mashine kila usiku ndo huyohuyo anayemeza vidonge kwa wakati na kuacha sigara, kwaiyo sehemu ya ile asilimia 30 inaweza kuwa ni tabia yake na sio mashine. Watafiti walijaribu kusawazisha hilo kwa hesabu lakini hesabu haimalizi kila kitu. Kwaiyo mimi nisingemwahidi mumeo kwamba mashine itamkinga na kiharusi. Ningemwambia itamwondolea usingizi wa mchana, na hilo SAVE hiyohiyo ililionyesha waziwazi, kusinzia kulipungua, kukoroma kulipungua, hali ya moyo ikawa nzuri (nasema furaha, sio ugonjwa), hata siku za kukosa kazi zikapungua. Kwa mtu wa usukani hiyo ndo sababu yenyewe ya kununua, hizo nyingine ni nyongeza.

Aleji nitakuja kuiandika baadaye kidogo, naingia kikao.

mzanzibari_muscat
Wifi yangu mama Ilham, mie nimo kwenye CPAP na nna aleji ya vumbi vilevile, niko Muscat huku vumbi na kiyoyozi ndo maisha yetu. Nakwambia nilichokiona.

Pua ikiziba mashine haivaliki. Hewa inasukumwa puani, pua imebana, basi unafungua mdomo, hewa inatokea mdomoni, koo linakauka, unaivua usingizini hata hujui. Wengi wanaosema mashine imewashinda ukiwauliza vizuri ni pua ilowashinda. Kwaiyo aleji itibiwe, tena mapema, lakini ili mashine ivalike, sio badala yake.

Kuna zile barakoa za puani tu na zile za pua na mdomo pamoja. Mwombeni muuzaji ajaribishe akiwa amelala chali na mashine imewashwa, sio kuivaa kavukavu dukani amekaa kwenye kiti. Chukueni yenye chombo cha maji ya mvuke wa joto, usikubali wakuuzie bila hicho kwa mtu wa aleji. Maji yawe yalokenekwa (distilled) au yalochemshwa yakapoa, yamwagwe kila asubuhi, chombo kikauke. Barakoa ioshwe kwa sabuni laini isokuwa na manukato. Kile kichujio cha nyuma kwa nyumba zetu za vumbi kinachafuka upesi, kitazameni kila wiki.

Na mitumba muwe nayo macho. Juni 2021 Philips walirudisha mashine zao nyingi duniani, DreamStation za mwanzo zikiwemo, kwa sababu sponji ya ndani ya kuzuia kelele ilikuwa inamomonyoka na vipande vinaweza kuvutwa na mgonjwa. Zilizorudishwa ni mamilioni, na mtu akikuletea ya bei chee kutoka nje kwenye begi, angalia jina na namba yake kwanza kabla hujatoa hela.

mama_pacha
Samahani mama Ilham nisikuharibie uzi wako, mi mwanangu wa miaka mitano naye anakoroma, analala mdomo wazi, jasho jingi usiku, mchana ana fujo mwalimu analalamika hatulii. Tumeambiwa ana nyama za pua na tonsili kubwa akafanyiwe upasuaji, mi naogopa kisu, nikasikia ipo dawa ya kupuliza puani inayeyusha hizo nyama. Ni kweli?

chambua_tafiti
Nimerudi. Naanza na mtoto kwa sababu ni fupi alafu narudi kwenye aleji ya baba Ilham.

Mama pacha, kwa watoto mambo ni tofauti na watu wazima, kwao mara nyingi ni kweli nyama za pua na tonsili ndo zinaziba. Kupulizia kumefanyiwa tafiti. Melbourne walichukua watoto 276 wa miaka 3 hadi 12 wanaokoroma na kupumua kwa shida usiku, nusu wakapewa mometasoni ya kupuliza (dawa ya kupunguza uvimbe wa pua) na nusu maji ya chumvi tu, wiki sita, matokeo yakatoka 2023. Waliopona dalili kwenye mometasoni ni asilimia 44, kwenye maji ya chumvi asilimia 41. Umeona hapo? Dawa haikuyazidi maji ya chumvi, na wakati huohuo watoto wengi walipata nafuu, kwaiyo kusafisha pua kwa maji ya chumvi wiki kadhaa wakati mnasubiri bingwa ni jambo la maana na halina gharama kubwa. Kuhusu kisu, Marekani walifanya jaribio kwa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye apnea, likachapishwa 2013. Baada ya miezi saba kipimo cha usingizi kilikuwa kimerudi kawaida kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji mapema na asilimia 46 ya waliosubiri. Mtihani wa umakini haukuonyesha tofauti, ila tabia, usingizi na maisha ya kila siku ya waliofanyiwa yalikuwa bora, na wewe umesema mwalimu analalamika. Kwaiyo kuna nafasi ya kusubiri kwa mtoto mwenye hali ya wastani, lakini akiwa pumzi zinakatika kweli usiku usimcheleweshe. Kama mna montelukasti nyumbani mliyopewa kwa aleji, zungumza na daktari, tangu 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliweka onyo kali kwa sababu watoto wengine inawabadilisha hisia na tabia, ndoto mbaya, hasira, na kwa mtoto ambaye tayari hatulii utashindwa kujua kipi ni kipi.

Haya, aleji ya baba Ilham. Kijana wa duka la dawa hajatunga, kuna msingi. Zaidi ya nusu ya ugumu wa hewa kupita njia nzima uko puani. Pua ikibana unavuta kwa nguvu zaidi, na ule mvuto huko nyuma unalivutia koo lililolegea ndani. Na ukilala chali pua zinavimba zaidi kuliko ukiwa umesimama. Kwaiyo aleji inazidisha apnea, hilo liko sawa.

Swali ni inazidisha kiasi gani. Dublin, mwaka 2004, walichukua wakoromaji wenye mafua ya pua, kundi dogo, watu ishirini na kitu, wakawapa flutikasoni ya kupuliza (ni ndugu wa mometasoni) kipindi kimoja na ya bandia isiyo na dawa ndani kipindi kingine. Wale wenye apnea walikuwa kwenye kama 30 kwa saa wakiwa na ya bandia, ikawa kama 23 wakiwa na dawa. Ni nafuu ya kweli na nafurahi ipo. Sasa chukua ya mumeo 41 utoe saba, unabaki na 34, na kuanzia 30 kwenda juu bado inaitwa kali. Mtu aliyekuwa na 8 au 10 kwa saa ningemwambia ajaribu pua kwanza aone. Wa 41 anayesinzia Mikumi hapana.

Na hao hao wa Dublin mwaka 2009 walijaribu upande wa pili, wagonjwa wapya wa CPAP 125, wengine mashine kavu, wengine na mvuke wa joto, wengine na flutikasoni. Mvuke ulipunguza sana malalamiko ya pua, flutikasoni haikupunguza, na masaa ya kuvaa hayakutofautiana. Kwaiyo alichosema ndugu yetu wa Muscat kuhusu chombo cha maji kina ushahidi. Ila wale walikuwa wagonjwa wa kawaida hawakuchaguliwa kwa aleji, mtu ambaye daktari ameona kwa macho pua zimevimba bado ana sababu nzuri ya kupuliza. Nikiweka kwa mstari mmoja, vyote viwili vianze pamoja na mashine isisubiri pua.

Nisisahau, haya mambo watu huku kwetu wanayaona ya wazungu. Pale Kenyatta National Hospital waliwahi kuwauliza wagonjwa wa kisukari 223 kwa dodoso, ikatoka 2017, asilimia 44 wakaonekana kwenye hatari kubwa ya kuwa na apnea. Wangapi kati yao wamewahi kulala na kifaa kidoleni? Nadhani wachache sana.

nesi_wa_zamu
Naongezea ya kupuliza maana watu wengi wanakosea alafu wanasema dawa haifanyi kazi. Asafishe pua kwanza kwa maji ya chumvi. Kichwa kiinamishwe mbele kidogo, sio kurudisha nyuma. Mkono wa kulia upulize pua ya kushoto, wa kushoto upulize ya kulia, ili ncha ielekee pembeni upande wa sikio na sio kwenye ukuta wa katikati, ukipiga katikati kila siku damu itamtoka. Asivute kwa nguvu, dawa itaishia kooni. Na ni ya kila siku, sio ya siku akibanwa, inachukua siku kadhaa mtu kuanza kuiona na wiki mbili hivi kukolea.

Tofautisha na zile za kufungua pua palepale, oksimetazolini na wenzake. Zile siku tatu basi, tano nyingi sana, ukizidisha pua inazoea na inaziba mbaya kuliko mwanzo. Na vidonge vya mafua vyenye sudoefedrini mwenye presha asiguse, vinaipandisha.

Chumbani kama mna mito ya sufi ya zamani badilisheni, foronya na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto kila wiki, godoro lianikwe juani. Ile kebini ya kulalia kwenye gari nayo mjue ndo yenye vumbi kuliko chumba, pazia na lile godoro dogo sijui lilioshwa lini.

kaka_wa_tandika
Wakuu mi nina swali la juujuu, nasikia kuna sindano ya kupunguza mwili inatibu hii kitu, hiyo si ndo ingemaliza kila kitu?

chambua_tafiti
Ipo kaka, ni tirzepatidi. Majaribio mawili yalitoka 2024, watu 469 kwa jumla wenye unene na apnea ya kati hadi kali, mwaka mzima, idadi ya kukatika ikashuka kwa kama 25 hadi 29 kwa saa wakati kundi la bandia ilishuka kama 5. Desemba 2024 Marekani wakaipitisha rasmi kwa apnea. Ni matokeo makubwa kwa kweli, lakini inachukua miezi, ni ghali, na ikiachwa uzito unarudi. Kama mwili wa baba Ilham unaruhusu na daktari akaona sawa, ni jambo la mwakani. Hata kupunguza kwa chakula na kutembea kunasaidia, kila kilo inayotoka shingoni inahesabika. Ila barabarani anarudi lini? Ndo maana nasema mashine sasa.

mama_ilham
Sina cha kuwalipa jamani, nimesoma yote na mume wangu nimemsomea kwa sauti, alikuwa mkali mwanzo, ilipofika pale pa wale waliokataliwa kwenye utafiti akanyamaza akasema rudia. Shemeji naye nimemtumia.

Tumekubaliana mashine tunachukua, ndugu wamechanga. Nimempigia tajiri wake mwenyewe, nilidhani atafoka, akasema bora umeniambia, gari atashika deiwaka mpaka daktari aandike kwamba yuko sawa. Kilichobaki ni mawili. Akirudi kazini analala kwenye gari, mashine itatumiaje umeme? Na dawa ya kupuliza aanze leo au asubiri mashine ifike wiki ijayo?

mzanzibari_muscat
Wifi, semi ni volti 24, usimwache achomeke tu kwenye gari. Kila mashine ina adapta yake ya gari, zipo za volti 12 na za 24, muulize muuzaji kwa jina la mashine hiyohiyo mnayonunua, na betri ya gari isije ikaisha alfajiri wapo porini. Safarini chombo cha maji azime joto lake au asitumie, ndicho kinachokula umeme mwingi. Na nyumbani umeme ukikatika alale ubavu, asilale chali.

nesi_wa_zamu
Kupuliza aanze leo usiku, mpaka mashine ifike pua zitakuwa zimeshaanza kufunguka. Wiki ya kwanza aivae hata mchana akiwa anaangalia mpira, mashine ikiwa imewashwa, azoee. Na siku yoyote akienda kufanyiwa upasuaji wowote, hata wa jino la kulazwa, amwambie mtu wa nusu kaputi kwamba ana apnea kabla hajachomwa sindano. Ukipata majibu ya mwezi wa kwanza, ile kadi ya ndani ya mashine inaandika masaa aliyovaa na mara ngapi pumzi zimekatika, nendeni nayo kliniki.

mama_ilham
Sawa dada. Chupa ninayo mezani, ameshaosha pua, anauliza mkono wa kulia ni pua ipi.

nesi_wa_zamu
Ya kushoto.